Kiunganishi na Namba ya Dada

Hospitali ile ilikuwa na mifumo mitatu ya kompyuta iliyomjua kila mfanyakazi, na hapakuwa na hata miwili iliyokubaliana. Mfumo wa utumishi ulimjua mtu kwa cheo chake na tarehe ya kuajiriwa. Mfumo wa barua pepe na ratiba za zamu ulimjua kwa jina alilopenda kuitwa. Mfumo wa milango ulimjua kwa kadi yake tu, na kadi ikipotea ulimkana mchana kweupe kama mkwe aliyekuja mikono mitupu. Muuguzi aliyeolewa aliweza kuwa mke katika mfumo mmoja na bado mwali katika mwingine. Mfamasia aliyestaafu zamani aliendelea kuwa na haki ya kufungua ghala la dawa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuarifu mlango kwamba mzee ameaga.

Kazi ya kuipatanisha mifumo hiyo alipewa msichana ambaye ofisi nzima ilimwita Binti Waya. Jina hilo lilimnasa katika wiki yake ya kwanza kazini, alipokutwa ameketi sakafuni nyuma ya seva, akizitenganisha nyaya zilizosokotana kama nywele za mtoto aliyekimbia kitana. Mkuu wake wa kazi alipita, akatazama, akasema, "Huyu binti na waya wametoka tumbo moja." Mkuu mwenyewe naye hakusalimika. Akigeuza mgongo aliitwa Mzee Kiraka, kwa kuwa kila tatizo alilitibu kwa kiraka, na kiraka kikichanika alishona kingine juu yake.

Programu mpya iliyonunuliwa ilikuwa na hazina moja katikati, ambamo kila mfanyakazi angekuwa na kumbukumbu moja tu. Kila mfumo wa zamani uliunganishwa na hazina hiyo kwa kiunganishi, na ndani ya kila kiunganishi palikuwa na dereva, yaani kipande cha programu kinachoijua lugha ya mfumo wa upande wa pili na kubeba habari kwenda na kurudi. Kumweka dereva si kazi ngumu kwa mtu mwenye subira. Ugumu umo katika swali moja, ambalo programu huliuliza kwa kila aina ya habari, kuanzia jina hadi namba ya simu: pande mbili zikipingana, nani mwenye neno la mwisho?

Swali hilo Bwana Utumishi, mkuu wa idara ya ajira, alilijibu kabla halijamalizika kuulizwa.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alisema kikaoni. "Mtumishi ni yule niliyemwandika mimi. Kwangu ndiko chanzo. Hao wengine wote wanakili."

Binti Waya aliafiki kwa moyo mweupe. Aliamini, kama wanavyoamini wengi walioanza kazi karibuni, kwamba vurugu za dunia zinatokana na watu kutokubaliana juu ya kumbukumbu moja iliyo sahihi, na kwamba kumbukumbu hiyo ikipatikana, mengine yatajipanga yenyewe. Kwa hiyo Ijumaa mchana, alipofika kwenye ukurasa wa mipangilio wenye orodha ndefu ya aina za habari na visanduku viwili kando ya kila moja, hakuipitia orodha mstari kwa mstari. Juu kabisa palikuwa na kisanduku kimoja kilichosema: "Chanzo kishinde kwa zote." Alikitia alama ya vema. Orodha nzima ikajijaza kwa mara moja, ikapendeza machoni kama shamba lililopandwa kwa kamba.

Jioni dada yake alimuuliza, "Leo mmefanya nini huko kwa wataalamu?"

"Nimeweka dereva."

"Wewe? Wewe toroli la sokoni tu linakushinda, unaweka dereva gani?"

"Wa kompyuta, dada."

"Ahaa. Basi abiria wako wafunge mikanda."

Dada huyo alikuwa kifungua mimba wa mama yao, naye ndiye aliyemsomesha Binti Waya tangu walipobaki wawili. Alikuwa muuguzi wa hospitali hiyohiyo, ila hakufanya kazi katika majengo makuu. Hospitali ilikuwa na vituo vidogo pembezoni mwa mji, na yeye alikuwa kwenye kimojawapo, kwa sababu maalumu. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameondoka kwa mume, muuza vipuri vya magari mwenye ulimi wa asali na wivu usio na simile. Mahakama iliivunja ndoa, mume hakuivunja. Alizoea kuja wodini kila zamu, akiketi kwenye benchi la korido kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, na kila muuguzi aliyepita akimsalimu kwa adabu, maana alikuwa mtu wa mizaha na pipi za watoto. Hakumpiga mtu. Aliketi tu, akatazama mlango anaotokea mkewe wa zamani, akamfuata nyuma hadi kituo cha basi. Mwishowe mkuu wa wauguzi akamhamisha dada kimyakimya. Ni kituo gani, walijua wachache, na shemeji huyo hakuwa mmoja wao.

Jumatatu asubuhi kiunganishi kilianza kazi kwa idara ya uuguzi. Binti Waya alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani, akitazama mistari ikipita: kumbukumbu imepatikana, imelinganishwa, imesahihishwa, ujumbe umetumwa. Kila muuguzi alikuwa akifunguliwa akaunti yake mpya, na namba ya siri ya kuifungulia ikimfikia kwa simu. Hakuna mstari uliotokea kwa rangi nyekundu. Mzee Kiraka alisimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai.

"Mbona hakuna kinachoharibika?" aliuliza, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

"Nimeweka kwa utaratibu, mzee."

"Utaratibu! Mimi nina miaka humu ndani, sijawahi kuona kitu kimewaka mara ya kwanza. Hebu kigonge kidogo."

Walikuwa bado wanacheka simu ya dawati ilipolia. Binti Waya aliipokea.

"Dawati la mifumo, habari za asubuhi."

"Njema kabisa, mtaalamu." Ilikuwa sauti ya mwanamume, nene na ya kirafiki. "Nisaidie kidogo. Nimepokea ujumbe hapa, una namba ya siri ya kufungulia akaunti. Nikiingia, unataka jina la mtumiaji, nami sina."

"Wewe ni mfanyakazi wa idara gani?"

"Mimi si mfanyakazi, ni mke wangu. Muuguzi wenu. Mikono yake iko kwenye sindano muda huu, kaniambia nimshughulikie." Akaitaja namba ya ajira bila kuulizwa. Akaitaja tarehe ya kuzaliwa, siku, mwezi na mwaka. "Na namba ya simu mnayo hapo, ndiyo hii ninayopigia. Au siyo?" Akacheka.

Kicheko kile Binti Waya alikijua. Kilikuwa na tabia ya kutangulia mzaha, kama mbwa anayetangulia mbele ya bwana wake. Alitupa jicho kwenye skrini. Namba ya ajira ilikuwa ya dada. Namba ya simu iliyokaa kando ya jina la dada haikuwa ile anayoipiga yeye kila siku.

"Shemeji," alisema.

Upande wa pili sauti ikapasuka kwa furaha. "Ala! Mdogo mtu! Shemeji yangu mwenyewe! Mbona umevaa sauti ya kiofisi hivyo? Nilidhani naongea na benki."

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo, ingawa mtu aliyesusiwa atakosaje jambo? Watu tuliogombania paja la kuku sahani moja, leo unaniuliza idara! Haya, nipe hilo jina la mtumiaji, tumalize."

"La nini?"

"Nione zamu zake tu. Anatoka saa ngapi, yuko kituo gani. Nina vitu vyake hapa, mende watavimaliza."

"Vitu vyake alishavichukua vyote."

"Basi nina vyangu vya kumpa. Mtu hana ruhusa ya kumpelekea mkewe zawadi?"

"Aliyekuwa mkewe, shemeji."

"Karatasi za mahakama hizo." Sauti haikupanda hata kidogo. "Tuache karatasi za mahakama, tusome zenu. Zenu zinasema nani mwenye hii namba? Ni mimi. Nimekujibu kila swali ambalo ungemuuliza yeye, na mengine sijasubiri uulize. Sema kweli, shemeji. Kama usingekuwa unamjua dada yako, ungenipa au usingenipa?"

Binti Waya aliinua macho. Mwongozo wa dawati ulikuwa umebandikwa ukutani mbele yake, na yeye ndiye aliyeuandika: namba ya ajira, tarehe ya kuzaliwa, simu iliyosajiliwa. Mtu huyu alikuwa amepita mlango baada ya mlango, na milango yote aliijenga yeye.

"Sikupi," alisema.

"Haya. Nitapiga baadaye, nimpate mwenzako." Akakata kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Mikono ya Binti Waya ilifanya kazi kabla moyo haujapata nafasi. Aliifuta namba ya siri ya dada, akaifunga akaunti, kisha akamsimamisha dereva. Alirudi nyuma katika kumbukumbu za mfumo hadi akaupata mstari. Hadi asubuhi hiyo mfumo wa zamu ulikuwa na namba sahihi ya dada, aliyoiingiza yeye mwenyewe. Mfumo wa utumishi ulikuwa na namba ya siku ya kuajiriwa, wakati maharusi wale wawili walikuwa na simu moja ndani ya nyumba, nayo ya mume. Pande mbili zilipingana, na chanzo kikashinda. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Dereva alipeleka mzigo kule alikoambiwa aupeleke.

Mzee Kiraka alimsikiliza hadi mwisho bila kunywa chai yake.

"Pole, mwanangu. Lakini hili jepesi. Tunatia kiraka: kumbukumbu ya dada yako peke yake isiguswe. Dakika chache, tunamwasha dereva, maisha yanaendelea."

"Kiraka chenyewe kitaandikwa jina la dada ndani ya kanuni, mzee. Kila atakayesoma atauliza kwa nini huyu tu."

"Nani anasoma kanuni humu zaidi yako?"

"Na wengine je?"

"Wengine gani?"

"Sijui. Ndiyo shida yangu. Leo kampigia mtu anayemjua. Kesho mwingine atakupigia wewe, na wewe utampa, kwa sababu mwongozo unasema umpe."

Mzee Kiraka alikuna kidevu. "Binti Waya, mtu choo chake kikiziba, anazibua choo chake. Hazibui mtaro wa mji mzima."

"Na kama mtaro ndio ulioziba?"

Bwana Utumishi alipiga simu wakati huohuo kuuliza kwa nini dereva amesimama. Alitaka aendelee ifikapo kesho mchana, kwa sababu mkurugenzi angekuja kuona. Kuhusu namba za simu, alisema, utaratibu upo: mtumishi anayetaka kubadilisha afike ofisini kwake, majengo makuu, na barua yenye saini ya msimamizi. Binti Waya aliifikiria ile korido, na lile benchi. Akasema wataonana asubuhi.

Alipofika nyumbani, dada alikuwa akipiga pasi sare yake. Binti Waya hakuketi. Alisimulia akiwa amesimama, mkoba begani, bila kupunguza wala kutia chumvi.

Swali la kwanza la dada lilikuwa, "Anajua nilipo?"

"Hajui. Hakupata jina la mtumiaji, hakuingia."

"Una hakika?"

"Nimesoma kila mstari."

"Nani aliyeirudisha namba yake?"

"Mimi."

Pasi ilipita juu ya mkono wa sare, ikarudi, ikapita tena palepale palipokwisha kunyooka.

"Kwa hiyo kwenye kompyuta yenu," dada alisema, "mimi ni yeye."

"Kwa upande wa simu tu, dada."

"Simu tu." Aliisimamisha pasi wima. "Mdogo wangu, mimi nilibadilisha kituo, nikabadilisha njia ya kurudia, nikaacha hata kwaya. Wewe umenirudisha kwake kwa alama ya vema."

Dada alichomoa waya wa pasi, akaining'iniza sare, akavifunga vifungo kimoja kimoja.

"Haya, sasa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imerudia ile ya muuguzi anayeuliza mgonjwa analala upande gani.

"Kesho nataka waibadilishe kanuni kwa watu wote. Namba ya simu awe nayo mwenyewe, si utumishi. Lakini wataniuliza kwa nini. Nikuseme?"

Dada alifikiri. "Sema mtu. Usiseme mimi."

"Bwana Utumishi atataka jina."

"Atataka. Lakini kama hawezi kumwelewa mtu bila kujua ni nani, hata akijua hatamwelewa. Atanihurumia tu, na huruma yake haitafunga mlango." Akaelekea jikoni. "Na wewe kaa chini ule. Umesimama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha."

Ofisi ya Bwana Utumishi ilikuwa na feni iliyozunguka bila kutoa upepo, majalada yaliyorundikwa hadi usawa wa dirisha, na mihuri iliyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa mstarini. Aliwapokea Binti Waya na Mzee Kiraka kwa heshima, akawapa viti, akamsikiliza Binti Waya kwa utulivu wa mtu ambaye jibu lake liko tayari.

"Binti yangu, nimekusikia. Lakini namba aliyoiandika mtumishi kwa mkono wake ndiyo namba yake, mpaka atakapoibadilisha kwa mkono wake. Tukianza kila mtu ajisemee, kesho watajipandisha na vyeo."

"Vyeo vibaki kwako, bwana. Majina, tarehe, kila kitu kibaki kwako. Naomba simu tu."

"Kwa sababu gani hasa?"

"Kuna mtu imemdhuru."

"Nani?"

"Mtu, bwana."

Bwana Utumishi alimgeukia Mzee Kiraka, kama mzazi anayemgeukia mzazi mwenzake. Mzee Kiraka alikuwa akiitazama feni.

Binti Waya alipiga moyo konde. "Naomba tupige namba moja kutoka kwenye kumbukumbu zako, kama jaribio."

"Piga hata zote. Ya nani?"

"Yako."

Bwana Utumishi alicheka kwa raha. Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka katikati ya meza, skrini juu. "Piga. Mtaisikia ikilia hapa."

Binti Waya aliisoma namba, akaibonyeza kwenye simu ya mezani, akafungulia spika. Iliita. Simu iliyolala katikati ya meza ilibaki kimya. Kisha sauti ya mwanamke ikapokea, na nyuma yake kelele za cherehani.

"Haloo! Mmeahirisha tena?"

Bwana Utumishi aliinama. "Samahani, nani mwenzangu?"

"Nani mwenzako, na wewe ndiye umepiga? Si nyinyi watu wa vikao? Kila wiki: kikao cha menejimenti kimeahirishwa, kikao cha menejimenti kimesogezwa. Hivi nyinyi mnafanya kazi lini?"

Mzee Kiraka alishikwa na kikohozi.

"Mama," alisema Binti Waya, "namba hii unayo tangu lini?"

"Tangu mwanangu hajaota meno, na sasa ananijibu. Nilinunua laini yangu kihalali, msije mkaniletea mambo. Kwanza ni vizuri mmepiga. Yule bwana mwenye hivyo vikao mnamjua? Mwambieni majibu yake ya vipimo yalikuja kwangu, mwezi uliopita. Mimi sikutaka kusoma, lakini ujumbe ukija kwenye simu yako utafanyaje? Mwambieni sukari imepanda, wamemtaka arudi haraka. Nimejiuliza sana kama amerudi. Sikuwa na pa kum—"

Bwana Utumishi alinyoosha mkono, akakata simu.

Feni ilizunguka. Binti Waya alikuwa ametegemea aibu kidogo, yaani mtu mzima akutwe na namba iliyokufa. Hakutegemea hili, na uso wake ulikuwa umewaka kuliko wa mwenye ofisi.

"Samahani, bwana. Sikujua."

"Hukujua," alisema Bwana Utumishi. Aliuhamisha muhuri mmoja, akaurudisha mahali pake. "Nilidhani hawakutuma majibu kwa sababu yalikuwa mazuri."

"Huyu mama ni mwema," Binti Waya alisema polepole. "Amesoma, akanyamaza, akakuwazia. Si kila aliyebaki na namba ya zamani ni kama yeye."

Bwana Utumishi aliitazama simu yake pale mezani kwa muda.

"Huyo mtu wako," aliuliza, "yuko salama?"

"Mpaka dereva atakapowashwa."

"Unataka iweje?"

Alimweleza. Jina, cheo na tarehe zitoke utumishi, na utumishi ushinde. Namba ya simu aiseme mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya msimamizi wa kituo chake, kitambulisho mkononi. Hakuna haja ya kusafiri hadi majengo makuu. Mpaka hapo dereva asitume namba ya siri kwa simu yoyote. Na dawati lisimfungulie mtu akaunti kwa kujibu maswali ambayo hata mwenzi wake anayajua.

"Na mimi nibaki na namba za uongo?"

"Hapana, bwana. Dereva anakwenda na kurudi. Namba iliyothibitishwa itakurudia kwako."

"Kwa hiyo mfumo wangu utafundishwa na wauguzi."

"Kuhusu simu zao, ndiyo."

Alikubali, kwa sharti kwamba atapewa maandishi, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuthibitisha. Walitoka koridoni, na kwenye ngazi Mzee Kiraka alisimama.

"Mimi yangu," alinong'ona, "sijui hata ni ipi iliyoandikwa."

Kubadilisha kanuni kulichukua muda mfupi kuliko kuigombania. Safari hii Binti Waya aliipitia orodha mstari kwa mstari, akijiuliza kwa kila mmoja ni nani angeumia ukikosewa. Mingine ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mwaka wa kuhitimu. Mingine ilimfanya asimame, kama ule wa jina la mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura. Alimwambia Mzee Kiraka, naye akavuta kiti badala ya kutoa kiraka.

Kazi ndefu ilikuwa ile ya kuwatafuta wauguzi ambao ujumbe wao ulikwisha kwenda kwa simu za zamani. Walizifuta namba zote za siri, kisha wakapiga wodi kwa wodi, kituo kwa kituo, wakieleza kosa na kuomba radhi. Wengi walisema haidhuru. Mmoja aliuliza kwa ukali ni nani mwenye simu iliyopokea, na alipoambiwa namba, aliirudia tarakimu kwa tarakimu, akasema asante, akakata. Binti Waya hakumuuliza kitu. Alitia alama ya kuonyesha kwamba amearifiwa, akapiga iliyofuata.

Kituo cha dada alikwenda mwenyewe, na kompyuta yake mkobani. Ilikuwa nyumba ndefu yenye vyumba vinne, mabenchi barazani, na mizani ya watoto inayoning'inia mlangoni. Chumba cha dada kilikuwa na meza ya chuma, trei iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, na kalenda ya chanjo. Msimamizi wa kituo, mama mnene mwenye haraka zake, alikikagua kitambulisho cha dada kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Ndiye," alisema. "Kwa bahati mbaya, ndiye," akaenda zake akicheka.

Dada aliketi mbele ya kompyuta, akaandika namba yake kwa kidole kimoja, akairudia kama alivyoambiwa. Binti Waya alimsimamia nyuma. Namba ya zamani ilitoweka kwenye kisanduku, ya sasa ikakaa, na chini yake pakatokea swali ambalo programu humuuliza kila anayebadilisha: "Namba ya zamani iarifiwe?" Kisanduku kilikuwa tayari kimetiwa alama ya vema, kama kawaida ya programu hizo.

"Ngoja niiondoe hiyo," alisema Binti Waya, akanyoosha mkono kwenye kipanya.

Dada alimshika kifundo cha mkono. "Inamwambia nini?"

Binti Waya alimfungulia maandishi. Yalikuwa mafupi: "Namba hii haihusiki tena na akaunti hii. Ukiona kuna makosa, fika dawati la mifumo ukiwa na kitambulisho chako."

"Inataja kituo?"

"Hapana."

"Inataja jina langu?"

"Haitaji kitu. Ni hayo tu unayoyaona."

"Na akienda dawatini?"

"Dawatini nipo mimi. Na tuna mlinzi, na mwongozo ni mpya."

Dada alisoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Nje mtoto alianza kulia kwenye mizani, na mtu akamwimbia.

"Nimemweleza kwa barua," dada alisema. "Nimemweleza mbele ya wazee wetu na wazee wao. Hakimu amemsomea. Kila mara nilirefusha, nikatoa sababu, yeye akaijibu kila sababu. Hii haina sababu ndani yake."

"Tunaweza kuiacha, dada. Si lazima."

"Si lazima, najua." Aliuachia mkono wa mdogo wake, akakishika kipanya mwenyewe, akaiacha alama ya vema ilipo, akaupeleka mshale kwenye kitufe cha kuthibitisha, akabonyeza.

Kwenye skrini ulipita mstari mmoja: ujumbe umetumwa. Binti Waya alisubiri aone kama dada atalia, au atacheka, ili naye ajue la kufanya. Dada alisukuma kiti nyuma, akanawa mikono kwenye beseni la pembeni, akaikausha, akafungua mlango.

"Anayefuata," aliita, "na yule mwenye mtoto anayelia, aanze yeye."